Fundi Aliyeleta Ngozi

Habari ya kifo chake niliipata kwa dereva wa basi litokalo Bariadi. Alisimamisha gari mbele ya duka ninaponunulia magazeti hapa Mwanza, akateremka, akanipa mkono wa pole kabla sijajua pole hiyo ni ya nini. Akasema fundi hatunaye tena. Sikuuliza fundi gani. Bariadi ina mafundi wa cherehani, wa baiskeli, wa kuezeka na wa kuchimba visima, lakini ukisema fundi bila kuongeza neno unamtaja mtu mmoja tu, yule mwenye karakana ya mabati upande wa Somanda, mwenye kofia ya kijeshi iliyochujuka na sauti ya kuita ng'ombe walio ng'ambo ya mto. Dereva akaniambia kwamba marehemu alijinyoosha mchana baada ya kula, hakuamka. Kisha akaongeza, kwa uchungu wake mwenyewe, kwamba basi lake limeanza kutoa mlio mpya nyuma upande wa kushoto na sasa hajui akamlilie nani. Tukacheka sote wawili, kisha nikaona anafuta macho kwa kitambaa cha kufutia kioo.

Msomaji ambaye hakupata kuishi kule atataka kujua mambo ya kulia yanaingiaje hapa. Marehemu hakushika spana kabla mwenye gari hajasimama mbele yake na kuitoa kwa mdomo ile sauti ambayo gari lake linatoa. Maelezo hakuyataka. Ukimwambia injini inagonga, atakujibu kwamba hata wageni hugonga. Ukimwambia gari halina nguvu, atakujibu kwamba hata yeye. "Lia kama yeye," alikuwa akisema, kisha anakunja mikono, anafumba macho na kusubiri. Karakana ilikuwa kando ya njia ya kwenda gulioni, kwa hiyo hukulia peke yako. Nimemwona katekista, mtu mzima anayeheshimiwa na parokia nzima, akinguruma kama gia ya pili huku wauza viazi wakimsahihisha. Nimemwona mwenye duka la nguo akitolea puani mlio wa feni hadi machozi yakamtoka. Watu wa Bariadi walikuja kuyajua magonjwa ya kila lori kwa sauti, na palikuwa na ubishi mkali wa nani anayelia vizuri kuliko wengine.

Mimi nilifikishwa pale na lori la shemeji yangu, mdogo wake mke wangu. Historia ya lori hilo inanihusu zaidi ya nilivyopenda. Nilipooa nilitoa ng'ombe kwa baba mkwe kama inavyopasa, na baba mkwe alipofariki, ng'ombe wale na uzao wao wakawa wa kumwozea mwanawe wa kiume, maana kwetu ng'ombe wa dada ndio wanaomtafutia kaka mke. Shemeji akapata mchumba Shishiyu, binti mwenye akili na mwenye baba mkali, na mambo yakakubaliwa. Lakini shemeji alikuwa utingo wa malori tangu ujana, mwishowe akajifunza usukani, na kabla ng'ombe hawajatoka zizini akaona lori kuukuu linauzwa. Akauza ng'ombe karibu wote, akalinunua. Hoja yake ilikuwa kwamba msimu mmoja wa kubeba pamba ungewarudisha ng'ombe wote. Baba wa binti akasema sawa, atangoja. Ila gunia la mwisho la msimu likipimwa na ng'ombe hawajaonekana, binti ana wachumba wengine. Mke wangu alipoyasikia hayo alisema kwa upole kwamba ng'ombe wale walikuwa ni yeye, kwa hiyo mdogo wake amemuuza dada yake akanunua chuma. Tangu siku ile lori likikosa kazi, chai yangu ilikuja imepoa.

Basi vituo vya kununulia pamba vikafunguliwa, na wiki hiyo hiyo lori likaanza kugonga gurudumu la mbele. Shemeji aliujua usukani, lakini chini ya boneti kwake ilikuwa kama sanduku la mtu mwingine. Mimi nilikuwa karani wa mizani katika kituo cha pamba na nilikuwa na baiskeli. Mambo hayo mawili yalitosha kunihesabu miongoni mwa wajuzi wa mashine, nikatumwa kuwa mshenga kati ya lori na fundi. Nilimwamkia, "Mwadila, bhabha," akaitikia bila kunitazama, akaniambia nilie. Shemeji akainamia viatu vyake. Nikalia. Nilitoa sauti ambayo kwa masikio yangu ilikuwa ya gurudumu hasa, lakini mama mmoja mwenye kapu la karanga akasema huyo ni mbuzi. Fundi akaagiza nirudie nikiwa katika mwendo, kwa kuwa gari lililosimama haligongi. Nikauzunguka uwanja ule mbio za taratibu huku nikigongesha ulimi, na wakulima ninaowapimia pamba wakinitazama kwa makini kuliko walivyopata kunitazama kwenye mizani. Hatimaye akafumbua macho. "Beringi," akasema. "Amekufa. Mwacheni hapa, nendeni."

Mwacheni hapa, nendeni. Kwa sisi tusiojua magari, maneno hayo ndiyo yenye homa. Unaiacha mali yako kwa mtu, unarudi, unaambiwa kilichoharibika ni kile na kimewekwa kingine, na wewe unatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. Chuma chote ni cheusi, chote kina mafuta. Na siku hiyo hiyo dereva mmoja wa lori jingine alimnong'oneza shemeji kwamba fundi yule anakula vyuma, yaani hutoa kizima akatia kibovu. Shemeji hakula chakula chake cha jioni. Alikaa uani kwangu akimfikiria binti wa Shishiyu na ng'ombe waliogeuka lori, na lori ambalo sasa huenda linageuka kitu kingine huko Somanda bila yeye kuona.

Kesho yake nikiwa kazini, fundi alifika nyumbani kwangu na kifurushi cha gunia kinachovuja mafuta, akapiga hodi, akamwambia mke wangu kwamba ameleta ngozi. Neno hilo kwetu lina uzito wake. Mwenye ng'ombe wengi hawaweki wote zizi moja; huwagawa kwa marafiki walio mbali, ugonjwa au ukame usije ukawamaliza wote kwa pamoja. Anayewachunga anakunywa maziwa, ndama ni wa mwenye mali, na ng'ombe akifa, mchungaji hana budi kuleta ngozi ili mwenye mali aone kwamba kweli amekufa na amekufaje. Asiyeleta ngozi amekula ng'ombe wa watu. Sisi tulikuwa na wachache kwa rafiki yetu mmoja Bukundi. Mke wangu akajishika kichwa, akauliza ni yupi, yule mwekundu au yule mwenye baka, akaanza kumlaumu mchungaji wetu pamoja na ukoo wake wote. Alipofungua gunia akakuta duara la chuma, alidhani anafanyiwa mzaha msibani. Niliporudi niliwakuta wamekwisha kuelewana, na fundi yuko kwenye bakuli la pili la uji.

Ni vizuri nieleze kidogo lugha ya mtu huyu. Magari aliyajulia vitani, katika msafara wa malori huko Burma, lakini ng'ombe aliwajua kabla ya hapo, na katika Kiswahili chake hapakuwa na chuma kilichokuwa kitu. Gari ni huyu, springi ni huyu, nati aliyepotea anatafutwa kama mbuzi. Mimi ninayependa sarufi nilijaribu kumsahihisha, akaniuliza kama nimepata kuona kitu kisicho na uhai kikinywa petroli. Kwa hiyo kwake lilikuwa jambo la kawaida kabisa kwamba beringi aliyefia mikononi mwake lazima arudishwe kwa mwenyewe. Alifanya hivyo kwa kila mteja, na nyumba nyingi za Bariadi zilikuwa na plagi na vali zimening'inia ukutani.

Shemeji alipofika, fundi akampa beringi ile mkononi, akamwambia asome mwenyewe amekufaje. Sasa shemeji beringi alikuwa haijui, lakini ngozi aliijua. Alikua akizisoma: hii imetobolewa na fisi, hii ni ya ugonjwa, hii imepitiwa na kisu na mchungaji anadanganya. Akaigeuzageuza, akapitisha kidole kwenye gololi zilizolika upande mmoja, akautazama ule ubuluu wa chuma kilichoungua, akainusa. "Huyu amekufa kwa kiu," akasema polepole. Fundi akampiga begani kwa furaha hadi uji ukamwagika, maana ndivyo ilivyokuwa: gurudumu lilikosa grisi. Nilimwona shemeji akipumua kama mtu aliyetuliwa mzigo. Hakuwa amejifunza ufundi wa magari hata kidogo, ila alikuwa amepata mahali pa kushika.

Ningeweza kuishia hapo, na marehemu angekuwa mtu mwema tu kama wema wengine. Lakini katikati ya msimu, pamba ikiwa imefurika vituoni, lori lilianza kuvuja maji na kuchemka kila lilipopanda kilima. Nililia tena, safari hii mlio wa birika, na wauza viazi wakanisifu. Fundi akasema ni mpira wa pampu ya maji, kazi ndogo. Tukamwacha, tukaenda. Mchana nikiwa kwenye mizani, shemeji akiwa kando yangu akihesabu kwa macho magunia yanayomsubiri, tukamwona fundi anakuja kwa miguu. Kofia aliishika mkononi. Ninaamini hakuna mtu katika mji ule aliyewahi kumwona bila kofia. Chini ya kwapa alikuwa na kifurushi cha gunia.

Akasema ameleta ngozi. Shemeji akapokea, akafunua. Ilikuwa pampu nzima, na ubavuni mwake ufa ulionyooka, mweupe, usio na chembe ya kutu.

"Huyu amekufaje?" shemeji akauliza, ingawa alikuwa amekwisha kusoma.

"Hakufa," fundi akasema. "Nimemuua. Alikuwa mzima, mpira tu ndio mbovu. Nilimpiga nyundo kwa haraka akapasuka."

Wakulima waliokuwa kwenye foleni wakasogea waione ile pampu. Mimi nilishikwa na hasira kweli kweli, kwa sababu pampu ya namna ile kuipata ilikuwa mpaka iagizwe ng'ambo, na ikifika msimu umekwisha. Shemeji uso ulimbadilika rangi. Kila mtu pale alijua habari ya Shishiyu. Fundi akaendelea kusema, akiitazama ile pampu wala si sisi. "Ningempaka sabuni na rangi, msingejua. Angewafia huko mbugani, mngesema ni Mungu."

Kwa desturi, mchungaji aliyeua ng'ombe kwa uzembe hulipa ng'ombe. Fundi akasema yuko mwingine mzima, yuko kwake, twende. Tulijua anakosema. Nyuma ya karakana kulikuwa na gari lake mwenyewe, la ukoo mmoja na lori letu, alilolinunua likiwa mifupa na kulifufua kidogo kidogo mwaka hadi mwaka. Mkewe alikuwa mtu wa Lamadi, wa jamaa za wavuvi, na huku kwetu kwenye pamba alikuwa akiikumbuka harufu ya ziwa kila kukicha. Fundi alikuwa amemwahidi mbele ya watu kwamba gari likipona atampeleka kwao amekaa mbele, si juu ya magunia na vumbi kichwani. Gari lilikuwa karibu kupona. Tulipofika akafungua boneti yake, na yule mama akatoka, akasimama mlangoni na ungo mkononi, akamtazama mumewe anavyofungua nati moja baada ya nyingine. Nami sikujua nitazame wapi.

Fundi akaipangusa pampu, akampa shemeji, akasema ni wako sasa. Shemeji hakunyoosha mkono. Ni kijana asiye na maneno mengi, na sijui aliyatoa wapi haya. "Sitamchukua awe wangu," akasema. "Mweke kwangu nimchunge. Maziwa yangu, ndama wako." Fundi akacheka kwa mara ya kwanza siku ile, akauliza pampu atazaa nini. Shemeji akamwangalia mama pale mlangoni. "Lori akienda Lamadi kuchukua samaki, mama anakaa mbele. Siku zote."

Lori likabeba pamba hadi gunia la mwisho. Ng'ombe wakaenda Shishiyu, baba mkali akawakagua meno na kwato, akawapokea. Chai yangu ikarudi kuwa ya moto. Na msimu wa pamba ulipokwisha, lori likawa linashuka Lamadi kwa samaki, na mke wa fundi akawa anashuka nalo, khanga mpya, mkono umetoka dirishani, hata kwao wakadhani amenunua lori. Siku moja shemeji alimbeba afisa mmoja aliyeharibikiwa na gari njiani, naye akataka kukaa mbele. Akaelezwa kwa adabu kwamba kiti kile ni ndama. Akapanda nyuma, na nadhani hadi leo hajaelewa.

Mimi nilirudi kwenye mizani yangu nikiwa na jambo la kufikiri. Uso wa mizani ulikuwa ukinielekea mimi, mkulima akiuona mgongo wake. Ndivyo ilivyowekwa tangu mwanzo na hakuna aliyeuliza. Lakini wale wazee waliokuwa wakiniletea pamba, walisimama mbele yangu kama mimi nilivyosimama mbele ya boneti: wameacha mali yao, wanatikisa kichwa. Nikaigeuza mizani ubavu ili tusome wote. Msimamizi akauliza sababu, nikamjibu ni mambo ya ngozi, akanishauri nivae kofia nikiwa juani. Foleni ilikwenda polepole zaidi, lakini manung'uniko yalipungua, na wazee wakaanza kuniuliza habari za nyumbani.

Siku hizi tunakabidhi vitu vingi kuliko wazazi wetu walivyokabidhi. Mzazi wangu jembe lake alilijua, nyumba yake aliijenga, na dawa yake aliichimba au aliijua iliyochimbwa. Sisi tunamwachia mwili mwenye sindano, tunamwachia kesi mwenye joho, pamba tunaiachia vyama, na sasa wanakuja wenye sauti nzuri majukwaani wanaotuomba tuwaachie na nchi. Sisemi tusiwaachie. Hatuwezi kujua yote, na mtu akitaka kufungua kila injini mwenyewe hatafika popote. Ninachosema ni kwamba wengi wao wanajua nusu tu ya desturi, ile ya kusema mwacheni hapa, nendeni.

Nilipanda basi la yule dereva kwenda msibani, njia nzima nikiusikiliza mlio wa nyuma kushoto. Shemeji nilimkuta Somanda, amekuja na mkewe na watoto. Lori lake lilikufa mwaka jana, chesisi ilikatika kwa uzee, na mara hiyo hiyo alikuwa ameipeleka pampu kwa mwenyewe, lakini fundi akamkatalia, akamwambia aendelee kumchunga hadi apate lori jingine, yeye hana haraka. Sasa haraka imekuja yenyewe. Tulipokwisha kuzika na watu wamekaa, shemeji akamwendea mjane, akapiga goti, akaweka mbele yake kifurushi cha gunia. Mama alijua mara moja. Ameishi na vifurushi hivyo maisha yake yote ya ndoa.

"Ngozi," akasema. "Alikufaje?"

"Hakufa, mayu," shemeji akasema. "Lori ndiye aliyekufa. Huyu ni mzima."

Mama akafunua. Ilikuwa imepakwa mafuta, safi, inang'aa. Akapitisha kidole ubavuni akitafuta ufa, hakuuona. Kisha akaiinua karibu na sikio, akafumba macho vile vile alivyokuwa akifumba mumewe, akaizungusha. "Huyu halii," akasema. Na hapo akalia yeye, kwa sauti, na sisi sote pamoja naye, na hata yule dereva wa basi ambaye alikuja na shida yake ya nyuma kushoto akasahau kuitaja.

Magari siyajui hadi leo. Ninajua tu kwamba mtu anayeelewa kazi yake anaweza kuharibu kitu changu siku yoyote, na siku hiyo mimi sitakuwapo. Kwa hiyo nimeacha kumwuliza fundi kama anajua kazi, kwa kuwa wote hunijibu ndiyo. Namwuliza kama kitu kikimfia mikononi ataniletea ngozi, na kama yeye ndiye aliyekiua, ataniletea pia. Wengine hucheka, wengine hudhani nimechanganyikiwa. Anayenyamaza kidogo akafikiri, huyo namwachia, naenda zangu.